Lesithini ya soya, fosfatidilkolini iliyosafishwa, au mayai: kipi kinalifaa ini?

Mama Nuru (Tanga)
Wanajukwaa, heshima kwenu. Kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha kwamba ini langu limeanza kujaa mafuta. Nina umri wa miaka 53 na sinywi pombe. Daktari amenishauri nipunguze uzito na sukari, lakini shoga yangu ameshikilia kwamba nitumie fosfatidilkolini, aina ya mafuta inayouzwa kama kirutubisho cha ini. Dukani nimekuta makopo mawili: moja limeandikwa lesithini ya soya, miligramu 1200 kwa kila kapsuli, na la pili, ambalo bei yake ni mara tatu, limeandikwa fosfatidilkolini miligramu 420. Ajabu ni kwamba namba kubwa iko kwenye kopo la bei nafuu. Ninunue lipi?

Mfamasia wa Pwani
Shikamoo, Mama Nuru. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Lesithini ni mchanganyiko wa mafuta mbalimbali unaotolewa mafuta ghafi ya soya yanaposafishwa, na kwa kawaida fosfatidilkolini ni kama robo yake, kwa hiyo katika miligramu 1200 unapata takriban 300 tu. Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu kirutubisho kilichowekewa kiwango cha kila siku ni kolini iliyomo ndani ya fosfatidilkolini, nayo ni kama asilimia 13 ya uzito wake. Kapsuli ya kwanza inakupa miligramu 39 hivi, na ile ya ghali inakupa 55. Mwongozo uliowekwa Marekani mwaka 1998 unataka mwanamke mzima apate 425 kwa siku, ilhali yai moja kubwa lina takriban 147, karibu zote zikiwa kwenye kiini. Kapsuli yako ya ghali, basi, ni theluthi ya yai na kidogo juu yake.

Msafiri77
Ndugu Mfamasia, hesabu yako ni sahihi, ila umeipunja fosfatidilkolini haki yake. Hiyo ndiyo malighafi kubwa ya utando wa seli, na ini huitumia kufungasha mafuta kabla ya kuyasafirisha kwenye damu. Ikipungua, mafuta hukosa chombo yakarundikana palepale. Isitoshe, homoni ya estrojeni ndiyo inayolisaidia ini la mwanamke kujitengenezea fosfatidilkolini lenyewe, kwa hiyo baada ya hedhi kukoma mahitaji ya kolini kutoka kwenye chakula huongezeka. Mama Nuru ana miaka 53. Mimi ningenunua kopo la pili.

Mfamasia wa Pwani
Hoja ya hedhi nimeikubali, nami nilipaswa kuitaja. Hata hivyo, kusema kwamba upungufu wa kolini hujaza ini mafuta si sawa na kusema kwamba kila ini lenye mafuta limepungukiwa kolini. Kwa walio wengi chanzo ni uzito, sukari ya damu na pombe. Kisha fosfatidilkolini unayoimeza haifiki kwenye ini ikiwa nzima, kwani vimeng'enya vya utumbo huikata kwanza. Katika hospitali za maveterani wa Marekani, mtafiti Charles Lieber na wenzake waliwapa wagonjwa wenye ini lililoathiriwa na pombe fosfatidilkolini ya soya kwa miaka 2, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 hayakuonyesha kwamba ilizuia makovu ya ini. Wauzaji hawapendi kuutaja utafiti huo.

Binti Saidi (Mombasa)
Ningependa kuongeza chaguo la tatu, yaani unga wa kolini bitatreti, ambao ni rahisi na una kolini nyingi, takriban asilimia 40 ya uzito wake. Niliutumia kwa miezi miwili nikauacha, kwa sababu jasho langu lilianza kunuka shombo, hata kanga niliyoifua asubuhi ikawa na harufu ya samaki ifikapo adhuhuri. Bakteria wa utumbo huigeuza kolini iliyozidi kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo yenye shombo, kisha ini huigeuza kuwa oksidi inayohusishwa na maradhi ya moyo. Utafiti mdogo wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kolini bitatreti ilipandisha oksidi hiyo kwenye damu, lakini mayai manne kwa siku hayakuipandisha. Mwenye mzio wa soya naye atafute lesithini ya alizeti. Kwa mengine sioni tofauti kubwa kati yake na ile ya soya.

Mama Nuru (Tanga)
Marahaba, mwanangu Mfamasia, na ahsanteni nyote. Nina kuku kumi na mmoja uani, na kwa miaka sita nimekuwa nikila ute mweupe tu, kiini nikimpa mjukuu, kwa kuogopa lehemu, yaani kolesteroli. Makopo nimeyaacha dukani. Alhamisi nina miadi na daktari. Nitamwuliza niruhusiwe viini vingapi kwa wiki, maana lehemu yangu kweli ilikuwa juu.