Naomba ushauri: Hawk yangu ya plastiki imelalia mkia, na kioo kimeingia utando

MwanaWaFundi (Mombasa)

Ndugu zangu, hamjambo. Hii ni ndege yangu ya pili tu ya plastiki na nimekwama mahali pabaya. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu kidogo.

Baba yangu alikuwa fundi wa jeshi la anga, Nanyuki. Kazi yake ilikuwa viti vya kujirusha, vile vinavyomtoa rubani nje ndege ikiharibika angani. Ndege yenyewe ni Hawk, ile ya mafunzo kutoka Uingereza ambayo Kenya ilinunua 12 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwezi ujao mzee anatimiza miaka 75. Yuko nyumbani Wundanyi, nami nimekusudia kumpelekea Hawk anayoweza kuishika mkononi.

Binamu yangu alipokuja kutoka Leicester aliniletea boksi la Airfix, kampuni ya ndege za plastiki za kuunganisha, kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), lile la Red Arrows, kikosi cha Uingereza cha maonyesho ya angani. Bodi nimeshaifunga na kuipiga msasa, mabawa yamekaa vizuri. Juzi usiku nikaisimamisha kwa magurudumu yake, ikaketi kwa mkia, pua juu. Uzito wa pua nilisahau kabisa kuutia. Nikasema basi walau nimalizie kile kioo kirefu kinachofunika marubani wote wawili, nikakibandika kwa supagluu. Kulipokucha kioo chote kimeota utando mweupe kwa ndani, kama kioo cha matatu siku ya mvua. Viti havionekani. Na viti ndivyo nilivyotaka vionekane kuliko kitu kingine chochote katika ndege hii.

Halafu kuna rangi. Nina picha moja tu ya baba akiwa kazini, nyeusi na nyeupe: amesimama chini ya ngazi, nyuma yake pua ya ndege na kioo. Stika za boksi ni za Red Arrows, nyekundu tupu. Za Kenya nitazipata wapi? Yeye mwenyewe sitaki kumuuliza, nataka imjie ghafla.

Kipanga_72 (Nairobi)

Karibu ndugu. Kioo hakijafa, usikitupe.

Supagluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke ule ukikutana na unyevu wa hewa hugeuka unga mweupe unaoshika palipo karibu. Wewe umeifungia ndani ya chumba kisicho na pa kutokea, tena Mombasa ambako hewa yenyewe ina maji. Ndiyo maana umepata utando mzito hivyo.

Fanya hivi. Tia ndege nzima ndani ya mfuko wa nailoni, ufunge, uiweke kwenye friza saa moja au mbili. Supagluu ikipata baridi kali hukauka ikawa kama biskuti. Kisha chukua wembe mpya, ingiza ncha kwenye ungio, anzia nyuma, usikandamize. Sikiliza. Itakatika kwa mlio mdogo, "tak", halafu utasogea kidogo mbele. Ukiona haitaki, rudisha kwenye friza. Usitumie nguvu hata kidogo, plastiki ya kioo haipindi kama ile ya bodi, hupasuka tu.

Kikishatoka, ule unga wa ndani usugue kwa kitambaa cha pamba na dawa ya meno nyeupe, siyo ile ya jeli. Zungusha kidole polepole, suuza, tazama kwenye mwanga, rudia. Palipoingia gundi yenyewe anza na msasa wa maji namba 2000. Petroli, thina, asetoni, usiguse kabisa. Vitu hivyo vikigusa kioo utabaki na nyufa zisizoondoka.

Na siku ya kukirudisha tumia gundi nyeupe ya mbao. Haina mvuke, ikikauka haionekani, na ukikosea unaifuta kwa maji.

BiZuhura_Tanga

Mimi naunda vyombo vidogo vya mfano vya mbao, madau na mashua, ndege sijawahi. Lakini uzito ni uzito. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, nunua chubwi ndogo za mshipi, zile kama punje za mtama. Toboa tundu pale gurudumu la mbele linapoingia, zimimine ndani, fuatisha gundi nyeupe ya mbao, simamisha ndege pua chini hadi asubuhi. Mimi hutia hivyo kwenye mkuku wa mashua ili zisimame wima.

Plastiki_Dar

Dada Zuhura, shikamoo, na samahani, hapo kwenye gundi nyeupe naomba nikupinge. Chubwi ni sawa kabisa. Lakini chubwi ni madini ya risasi, na risasi ndani ya gundi nyeupe si sawa.

Nilikuwa na ndege niliyoijaza pua kwa risasi na gundi hiyohiyo. Miaka miwili baadaye nilikuta pua imefunguka kama ganda la korosho, na ndani risasi zimeota unga mweupe na kuvimba. Madini ya risasi huliwa na asidi iliyomo kwenye gundi hiyo, huwa kitu kingine chenye ujazo mkubwa zaidi. Haitokei wiki ya kwanza, ndiyo maana watu wengi hawaamini. Ndege hii inakwenda kukaa kwenye kabati la mzee miaka mingi. Tumia Araldite, gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, risasi zikae ndani yake kama zege.

Kiasi: bandika chubwi kwa selotepu juu ya pua, nje, ukiongeza mojamoja hadi ndege ikae kwa gurudumu la mbele. Kisha ongeza mbili zaidi, maana bado utaongeza rangi na vitu vya nyuma. Ndipo uziingize ndani. Zisukume mbele kabisa uwezavyo. Risasi iliyo kwenye ncha ya pua hufanya kazi ya risasi tatu zilizo karibu na mabawa. Araldite ikimiminwa nyingi kwa mpigo mmoja hupata moto, kwa hiyo tia kidogo, subiri, tia tena.

BiZuhura_Tanga

Marahaba. Hilo la risasi kuvimba sikulijua. Nina mashua mbili zina miaka sita na moja imeanza kufunguka ubao wa chini, nami nikalaumu mbao. Leo naifungua nitazame.

Baharia_Maskati

Salaam kutoka Oman. Mzazi wangu ni wa Unguja, mimi nimezaliwa huku, na ndege zangu zote ni Strikemaster, kwa sababu ndizo Oman ilizozitumia vita vya Dhofar, kusini mwa nchi. Kenya nayo ilikuwa nazo kabla ya Hawk. Muulize mzee kama alizikuta. Kwenye Strikemaster mwanafunzi na mwalimu wanakaa bega kwa bega, kwenye Hawk wanakaa mbele na nyuma, wa nyuma akiwa juu zaidi ili aone mbele kupita kichwa cha mwanafunzi. Kwa mtu wa viti hiyo ni tofauti kubwa.

Ndiyo, nimesema umuulize. Picha yako haina rangi, na mwenye rangi yuko hai Wundanyi. Mimi wangu alifariki kabla sijaanza kazi hii. Kuna ndege moja nimeipaka mara tatu na hadi leo sina wa kuniambia kama nimepatia.

Kipanga_72

Naungana na Baharia. Kumshtua mzee siku moja ni jambo dogo kuliko kubaki huna wa kumuuliza.

Jambo jingine, usije ukafuata boksi hadi mwisho. Ndege za Red Arrows hubeba tangi chini ya tumbo, mahali ambapo Hawk nyingine hufungwa bunduki. Ndani yake mna dizeli na rangi za kutoa ule moshi mweupe, mwekundu na buluu. Tangi hilo na mirija ya moshi karibu na tundu la injini, acha kwenye fremu ya plastiki vilivyokuja nayo, usivibandike. Hawk ya Kenya haikuwa ndege ya maonyesho.

Alama za duara za Kenya usitafute dukani. Pima kwenye picha inayoonyesha ndege ya Kenya nzima. Mabawa ya Hawk yana mita 9.39 kutoka ncha hadi ncha, yako wewe yana sentimita 13, kwa hiyo kila sentimita 72 za ndege halisi ni sentimita moja kwako. Ukishajua kipenyo, nenda kwa fundi viatu akutobolee vibati kwa zile pini zake za kutoboa mikanda, vya ukubwa mbalimbali. Hivyo ndivyo vifunikio vyako vya kupulizia rangi, duara ndani ya duara.

Plastiki_Dar

Na kupaka, kama ni brashi, tabaka nyepesi tatu, siyo nzito moja. Kama ni kopo la kupulizia la duka la rangi za magari, kaa mbali kiganja na nusu, pitisha haraka, usilowanishe. Thina yake inakula plastiki. Usipulizie jioni wala siku ya mawingu ya mvua. Pwani rangi hupauka ukungu mweupe kabla haijakauka. Mimi hungoja saa nne asubuhi, upande wenye upepo.

MwanaWaFundi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa.

Kioo kimetoka. Nilirudisha kwenye friza mara mbili, mara ya tatu kikakatika chenyewe mkononi, na ule mlio nimeusikia. Kimesuguliwa jioni nne. Kimebaki na mkwaruzo mmoja upande wa kulia nyuma, mwingine hauonekani. Chubwi kumi na moja na Araldite, na sasa inasimama kwa magurudumu yake matatu. Nilikaa nikaiangalia tu.

Nikampigia mzee. Nilianza kwa kuzunguka, eti naulizia kazi yake ya zamani. Nikashindwa, nikamwambia kweli. Alinyamaza kidogo, kisha tukaongea hadi salio likaisha, nikaongeza, likaisha tena. Rangi alizitaja moja baada ya nyingine, juu na chini, na wapi moja inakutana na nyingine, nikaziandika nyuma ya karatasi ya maelekezo. Strikemaster alizikuta, dakika kumi nzima alikuwa kwenye hizo. Alisema pale ngazi ilipoegeshwa, upande wa kushoto, rangi ilikuwa imeliwa na viatu, nisiiache safi. Alisema kwenye kile kioo kuna uzi wa baruti uliopita kwa mistari ya kukunjakunja, unaokivunja kabla kiti hakijatoka, na kwamba vijana wapya aliwafundisha kuuheshimu kabla hajawafundisha kitu kingine.

Halafu nikamtumia picha ya ndege kwa simu ya mdogo wangu. Jibu lake nalinakili kama lilivyokuja: "Imesimama chini na viti havina pini. Pini ziko wapi?"

Ndege ikiwa chini, viti lazima viwe na pini za usalama zenye vitambaa vyekundu, asije mtu akakifyatua kiti bila kukusudia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kila ndege ikirudi. Kwa kipimo hiki kitambaa kinatoka milimita tatu au nne. Nitatumia nini?

BiZuhura_Tanga

Waya wa shaba. Chuna waya wa umeme wa zamani, ule wa nyuzi nyingi nyembamba, utoe uzi mmoja. Kitambaa ni karatasi ya ndani ya pakiti ya chai, ipake nyekundu pande zote mbili kabla ya kuikata. Ikate kwa wembe juu ya kioo cha dirisha, ishike kwa kibano, pumzi izuie. Mimi hufanya hivyo bendera za mashua.

Kipanga_72

Na kama pini zitaonekana, kioo kiwe wazi. Bahati yako ni kipande kimoja. Hawk hufunguka kwa ubavu, kioo kinaangukia kulia, ngazi iko kushoto. Mkwaruzo wako utakuwa upande usiotazamwa. Kishike kwa nukta mbili za gundi nyeupe tu, ili mzee akitaka kukifunga aweze.

MwanaWaFundi

Waya ninao. Nimeshakata vitambaa sita, vinne vimepeperushwa na feni. Feni nimeizima.