Hivi kijijini kwenu watu wanachagua chama, mtu au ukoo?

Chungwa_Muheza
Habari za jioni wakuu. Nina jambo linanisumbua tangu nilipokwenda kijijini kwetu huku Muheza kumuuguza babu. Kijiji chenyewe kidogo tu, vitongoji vitatu, kuna cha wenyeji yaani Wabondei wenye michungwa, kuna cha kambini ambao wazee wao waliletwa kama manamba kukata mkonge, halafu cha barabarani, maduka na bodaboda. Wote kilio chetu kimoja, dalali anakuja na fuso anataja bei ya chungwa hata hajashuka kwenye gari, maji tunabeba kichwani. Ila siku ya kura kila kitongoji kinashika njia yake. 2015 ilionekana wazi, barabarani UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, mpaka pikipiki zina bendera, kambini CCM tupu, na sisi wenyeji ndio hatueleweki. Babu mpaka leo kadi yake ya TANU iko kwenye kopo la bati pamoja na risiti za kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003, ati wasije wakamdai tena 😂. Huyo kura yake naijua bila kumuuliza, je hawa wengine wanaongozwa na nini? Kwenu ikoje?

mjukuu_wa_manamba
Mkuu mimi wa kambini, si hapo kwenu ila Tanga hiihii. Babu yetu Mbena, alikuja kwa mkataba na hakurudi tena Njombe. Watu wanatuona kama tumefumba macho lakini hebu fikiria, mwenyeji akigombana na jirani mpaka wa shamba ana mjomba, ana wazee wa ukoo wa kukaa chini ya mwembe wakaamua, sisi mjomba tunamtoa wapi? Ukifiwa unaanzia kwa balozi wa nyumba kumi, yule wa chama, mgeni akilala kwako unaanzia kwa balozi, na watoto wako wote anawajua kwa majina. Kwa hiyo chama kwetu kilishakaa mahali pa ukoo zamani sana, na mtu hahami ukoo kwa sababu ya bei ya chungwa, tena chungwa lenyewe si letu.

PwaniBaga
Huyu wa juu kaongea kitu. Kwetu Bagamoyo mimi naona mtu ndio anabeba zaidi. 2005 Kikwete aligombea, mpaka watu wasiojua ofisi ya tawi iko wapi walikuwa wanasema mtoto wetu huyu wa Msoga, sasa hapo sera za nini. Japo alipata asilimia 80 nchi nzima kwahiyo siwezi kusema ni sisi tu lol.
Alafu kuna wanaosema watu wa vijijini ndio waoga wa mabadiliko, waende wakaangalie Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na hapo mjini na vijijini wote walihojiwa. Tume ikapendekeza vyama vingi vilevile, 1992 vikaja.

Bi_Mkinga
Mmeongea ukoo, kambi, bodaboda, wanawake hamjatuona kabisa na ndio tunaofika kituoni kabla jogoo hajamaliza. Kwetu Mkinga ukitaka kujua upepo uliza vikundi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni hela ya halmashauri, iko kisheria, si ya chama chochote. Lakini nenda kamwambie hivyo mwanamke ambaye kikundi chake kimepata mkopo akanunua cherehani, atakuitikia ndiyo ndiyo na moyoni anaogopa kuonekana mkutano wa upande wa pili. Kuonekana lakini, sijasema kura. Kanga mimi napokea za wote wanaoleta, nimezivaa zote nikipalilia mihogo, na kwenye kile kituturi cha kura unaingia peke yako na kalamu.

Mkwezi_Pangani
Mnazunguka mbuyu. Sheria yetu haina mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama, sasa mwalimu mstaafu ambaye kijiji kizima kinamtaka akianguka kwenye kura za maoni ndani ya chama ndio basi tena. Sehemu nyingi uchaguzi wenyewe unaishia pale, siku ya kura mnakwenda kumalizia. Na mleta mada kama unataka kupiga hesabu za mwelekeo wa kijiji, serikali za mitaa za 2019 ziweke pembeni, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na wengi walipita bila kupingwa, utapima nini hapo. Pima na Tanga Mjini, 2015 ubunge ulikwenda CUF, 2020 ukarudi CCM, na mitaa ni ileile watu ni walewale.

Chungwa_Muheza
Nimerudi wakuu, asanteni sana, Bi Mkinga hiyo ya kanga nimeielewa. Jana nimempigia babu, ana nafuu, nikamchokoza kuhusu 2015. Kacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Kumbe karatasi zilikuwa tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, mbili akaweka palepale pa siku zote, ya diwani akampa wa upinzani. Nikamwambia babu wewe! Akanijibu yule si mtoto wa dada yangu, nikimnyima nitakaa upande gani kwenye matanga? Nikamuuliza na ile kadi je, akasema kadi ilikuwa nyumbani kwenye kopo, haikwenda kituoni.
Na huyo mpwa wake alianguka vibaya, babu ndiye alikwenda kumpa pole.