Msaada wa kemia kidato cha tatu: kubalansi ikwesheni na hesabu ya chokaa

babaj_mbalizi:
Wakuu habari za jioni. Niko Mbalizi hapa, binti yangu yuko kidato cha tatu karudi na kazi ya kemia ya mambo ya moli (kile kipimo cha kuhesabia chembe), na mimi kemia niliikimbia zamani nikaenda zangu arts, sasa tumekaa mezani tangu saa kumi na mbili tunaangaliana tu.

La kwanza, abalansi gesi ya mtungi inavyoungua: C4H10 + O2 → CO2 + H2O. Kaboni kaweka 4, haidrojeni kaweka 5, kufika kwenye oksijeni anapata 13 na upande wa pili zinakuja mbilimbili. Akaigeuza H2O kuwa H2O2, akaweka 9O2, na kweli ukihesabu zote zinatoshana! Mwalimu kapiga mkasi.

La pili, tani 2 za mawe ya chokaa, asilimia 90 ndiyo CaCO3, yakichomwa yatoe kilo ngapi za CaO. Kaandika 1,800. Nayo mkasi. Jamani asilimia 90 ya 2,000 si ndiyo 1,800?

mtu_wa_uyole:
Mkuu pole, hilo la kwanza wengi tumelia nalo. Mwambie hivi, bajaji ina tairi tatu. Akihitaji tairi sita analeta bajaji mbili, haichukui bajaji moja akaichomelea tairi tatu nyingine halafu akaendelea kuiita bajaji. Zile namba ndogo za ndani ya fomula haziguswi kabisa, anachoruhusiwa ni kuweka namba mbele. H2O ni maji, H2O2 ni ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, sasa mtungi wa gesi utoe dawa ya vidonda jikoni kwako?

Oksijeni 13 maana yake O2 sita na nusu. Asiogope nusu, aiandike kwanza halafu azidishe kila kitu mara mbili:

2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O

Ahakiki: kaboni 8 kwa 8, haidrojeni 20 kwa 20, oksijeni 26 na kule 16 + 10. Imeisha hiyo. Siku nyingine oksijeni aiache mwisho maana iko peke yake, haivurugi wenzake.

mama_mafinga:
Kamwene baba J. Hapo kwenye 1,800 binti kafika nusu ya njia akashuka kwenye basi. Hiyo 1,800 ni uzito wa CaCO3 kabla ya moto. Ikwesheni yake ni CaCO3 → CaO + CO2, iko sawa tayari hamna cha kubalansi. Sasa apige uzito wa atomi: kalsiamu (Ca) 40, kaboni (C) 12, oksijeni (O) 16 mara tatu, jumla 100. CaO, ndiyo chokaa yenyewe, ni 40 + 16, yaani 56. Ile 44 iliyobaki ndiyo CO2 inapaa hewani. Kwa hiyo kila kilo 100 za CaCO3 zinatoa kilo 56 za chokaa, basi 1,800 × 56 ÷ 100 = kilo 1,008.

Wala hana haja ya kubadili kuwa gramu ndiyo atafute moli, uwiano ni uleule iwe gramu, kilo au tani. Ila kama mwalimu wake anataka kuona moli aonyeshe, maksi ziko kwenye njia.

chokaa_songwe:
Mama Mafinga umenena. Mimi nipo na hii kazi ya tanuri miaka sasa, shule sikufika mbali ila hilo tunalijua kwa mgongo, jiwe linaingia zito linatoka jepesi na saizi karibu ileile. Ukitaka kujua kama limeiva limwagie maji kidogo, likiiva linachemka lenyewe linafura linapasuka linakuwa unga, bichi linabaki na kiini kigumu katikati kama mbegu ya parachichi. Na kwetu huku hiyo 1,008 hamuipati ng'o, lazima mengine yabaki mabichi.

mtu_wa_uyole:
@chokaa_songwe halafu ile asilimia 10 ya uchafu haipai, inabaki mle mle. Kwa hiyo kwenye mzani wako itasoma kama 1,208 si 1,008.

mama_mafinga:
Msimchanganye mtoto, swali linauliza CaO tu 😂 Ila kwa wenye mashamba yenye asidi, ndo maana kilo 56 za chokaa safi ya kuchoma zinafanya kazi ya kilo 100 za mawe safi ya kusaga. Msimwage kwa kipimo kimoja.

babaj_mbalizi:
Ndaga fijo wakuu, hiyo ya bajaji imeingia mpaka mimi nimeelewa. Ila nimeangalia daftari tena, kumbe alinakili vibaya ubaoni, mwenzake anasema ni asilimia 95 sio 90. Kapiga mwenyewe na kalkuleta ya simu: 1,900 × 56 ÷ 100 = 1,064. Yuko sahihi?

mama_mafinga:
Sahihi. Aandike na kg mbele yake, wasije wakampunguzia.