Mke wangu yuko leba Kigoma, mapacha wa wiki 32: apasuliwe au asubiri kawaida?

Mvuvi_Kibirizi: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mke wangu yuko leba, mapacha wa wiki 32, njia imefika sentimita 8. Daktari anataka apasuliwe sasa hivi. Mimi naona amebakiza kidogo tu, na watoto wenyewe wadogo, watapita. Nimeshamwambia asisaini kwanza. Nimekosea?

Mama_Zuhura: Pole baba. Wa kwanza wangu nilimzaa wiki ya 33 kule Kasulu, kilo moja na nusu, nikambeba kifuani mtindo wa kangaruu mpaka akanenepa. Leo anakimbiza mbuzi. Kawaida ndiyo njia aliyoiweka Mungu.

Mha_wa_Buhigwe: Vijana mnapuuza kliniki, mambo yakiharibika ndiyo mnatukumbuka. Alihudhuria mara ngapi?

Mkunga_Mstaafu: Hayo tuyaache. Unjiti peke yake si sababu ya kupasua, hata Shirika la Afya Duniani halishauri kisu kwa ajili hiyo tu. Na kichwa kikishashuka sana, upasuaji una ugumu wake. Basi daktari ameona kitu. Wa kwanza ametanguliza nini? Mama ana kovu? Amekunywa chochote?

Mvuvi_Kibirizi: Wote vichwa chini. Maji yalimwagika juzi, akachomwa sindano za kukomaza mapafu, nne, kila baada ya saa 12.

Mkunga_Mstaafu: Kovu na dawa hujanijibu.

Mvuvi_Kibirizi: Alipasuliwa 2021. Na jana usiku mama yangu alileta uji kwenye themosi, ndani kuna dawa ya kuongeza uchungu. Mama amezalisha wengi Ujiji, hawezi kumdhuru mkwewe. Daktari hajui. Nikisema, watamfukuza mama.

Mkunga_Mstaafu: Mwanangu, inuka ukamwambie sasa hivi! Dawa zile zinaweza kukaza kizazi mfululizo, na chenye kovu kinaweza kuchanika. Hapo unapoteza watatu.

Mdadisi: Hii chai. Mke yuko sentimita 8, wewe unachapa uzi? Juzi tulisoma ya Tabora, mapacha hivi hivi, mama mkwe hivi hivi.

Mha_wa_Buhigwe: Hata mimi. Mwanaume amejulia wapi sentimita?

Mama_Zuhura: Si manesi wanawatajia? Mume wangu alizijua zote.

Mkunga_Mstaafu: Nilianza kazi hapa Kigoma enzi za marehemu Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi wa hospitali ya mkoa, ile miaka ya 1984 hadi 1991, tulipohangaika vifo vya wazazi vipungue pale mkoani. Ikiwa ametunga, shauri yake. Ikiwa kweli, sitanyamaza.

Mvuvi_Kibirizi: Nimesema. Daktari hakunigombeza, amefungua themosi akanusa, akauliza alikunywa saa ngapi. Mke wangu amesaini mwenyewe, hata hakuniangalia. Wameshamwingiza. Niko kwenye benchi na kanga zake.

Mkunga_Mstaafu: Zisilowe hizo kanga, njiti hawataki baridi. Mama akiwa bado hajiwezi, waulize kama unaweza kuwapokea wewe. Unavua shati, ngozi kwa ngozi. Kifua cha baba kinafaa.