KATOBOA CHOMBO! Mashua ya watu kaigeuza deli la soda

MatarumaNungwi

Jamani mikono inatetemeka, nikikosea herufi nisameheni. Katoboa. Katoboa chombo. Kwa drili ya umeme, mchana kweupe, maikrofoni kaibana kwapani.

Nani? Mnamjua. Simtaji na hana haja ya kutajwa. Kila penye hema jeupe na zulia jekundu juu ya mchanga, yupo. Yule wa miwani ya jua mpaka baada ya magharibi. Yule ambaye kila akivuta pumzi mbili lazima aseme "uchumi wa buluu", utadhani bahari kaipaka rangi yeye. Huyo huyo.

Sasa ile mashua. Futi 24, mpya, haijaonja maji hata mara moja. Mbao za mninga, mataruma, zile mbavu za chombo, ya miti iliyopinda yenyewe porini, si ya kukatwa kwa msumeno ikapindishwa kwa mabavu. Pamba imesokotwa uzi, imezamishwa mafuta ya nazi, imepigwa kwa chembeu na nyundo ya mti mpaka ubao ukiugonga unaitika kama ngoma. Kila msumari umevishwa kilemba cha pamba chini ya kichwa. Sifa juu, deheni ya shahamu na chokaa chini. Ililetwa kwenye maonesho ya boti ufukweni ikae ubavuni mwa zile boti za faiba, mtu akitoka kutazama viti vya ngozi aone na kitu kinachoitwa chombo.

Kwanza kasema inanuka. Ndiyo inanuka! Sifa ni mafuta ya papa, alitaka inuke udi na asmini? Akaagiza kijana apulize manukato ya chooni. Nikasema tumeze, subira.

Halafu soda zikakosa pa kukaa. Weee! Magunia ya barafu yakamwagwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, chupa mia tatu juu yake, na kibao "Karibu Ujipoze". Kaambiwa hiki ni chombo, yeye kasikia vyombo, sinia na masufuria.

Barafu ikayeyuka, maji yakapanda, lebo za chupa zikaanza kuelea. Akaita kijana wa mahema. Biti ya milimita 20, ile ya kutobolea jukwaa. Akanyoosha kidole kwenye ubao wa kwanza, ule unaokumbatiana na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ubao ambao chombo kikishushwa hautoki majini hata siku moja. Vrrrrr. Ukatoka unga wa mninga, yakafuata maji ya barafu, na yeye akapiga makofi. AKAPIGA MAKOFI.

Katoboa chombo ili maji YATOKE.

---

Ngamani

Pole, ndugu. Swali moja tu. Kina nguruzi, kile kizibo cha chini, au hakina?

MatarumaNungwi

Kina.

Ngamani

Mashua ina nguruzi, kazi yake nguruzi ni kutoa maji chombo kikiwa nchi kavu, na watu wametafuta drili. Unaichomoa, maji yanashuka, unairudisha na kitambaa kilichopakwa mafuta, unaigonga mara mbili, umemaliza. Chai haijapoa. Na wewe ulikuwa wapi wakati wote huo?

MatarumaNungwi

Nyuma ya uzio. Uzio una kamba ya dhahabu. Nilipiga kelele "nguruzi! nguruzi!" wakadhani naita mtu.

Pangaboi40

Hahahaha "Bwana Nguruzi, unaitwa getini."

FundiTezo

Msimcheke, nguruzi isingesaidia vile walivyokiweka. Tundu la nguruzi liko nyuma, karibu na fashini, ule mti wa nyuma. Wao wamekiegemeza omo, yaani mbele, chini na tezi, yaani nyuma, juu ili kipendeze kwenye picha, kwa hiyo maji yote yamelala mbele. Ilitakiwa gogo moja chini ya omo, kiinuke kidogo, maji yarudi nyuma yenyewe. Tangu lini chombo kikakaa kichwa chini? Hata walivyokiegemeza kwenyewe ni makosa: magogo mawili kila ubavu, yaguse kwenye mataruma, yasiguse ubao mtupu. Nimeona kwenye picha wameweka moja moja tena katikati ya ubao. Hapo mbao zinabonyea, pamba inatoka.

MatarumaNungwi

Mwenye chombo angekaa kimya kwa hayo yote. Lakini KUTOBOA. Makofi!

BiKaskazi

Mimi nauliza, barafu gunia bei gani siku hizi?

FundiTezo

Turudi kwenye tundu. Tundu la milimita 20 likiwa nusu mita chini ya maji linaingiza lita thelathini na kitu kwa dakika. Yaani ndoo ya lita 20 inajaa kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati. Mtu mmoja na kata hafui maji ya kasi hiyo mpaka kisiwani na kurudi. Kwa hiyo asije mtu akasema "ni tundu dogo".

MzeeWaResini

Paka silikoni, weka kiraka cha faiba juu, maisha yaendelee. Mnakuza mambo.

FundiTezo

Ndiyo hii elimu inayozamisha watu. Silikoni haishiki kwenye mti wenye sifa. Faiba nayo haishiki kwenye mti wenye mafuta wala wenye maji. Mbao hunywa maji zikatanuka, zikikauka zinasinyaa, faiba haitanuki wala haisinyai. Miezi michache inabanduka, maji yanaingia katikati, ubao unaoza huku nje kunang'aa. Ukija kugonga unasikia puu puu badala ya ko ko.

Tundu linazibwa hivi. Lisafishe kwa keekee mpaka mdomo uwe sawasawa, usiache nyuzi. Chonga kigingi cha mninga ule ule, chembamba upande mmoja. Kivishe pamba yenye mafuta. Kipige KUTOKEA NJE kuingia ndani, ili maji ya bahari yakikisukuma yazidi kukikaza. Ukikipiga kutokea ndani, siku moja kitakuaga. Kikate sawa na ubao, halafu ndani weka kiraka cha mbao kati ya taruma na taruma, pamba na deheni katikati, misumari ikunjwe.

Hayo ni kama tundu liko katikati ya ubao. Kama limegusa ungo wa mbao na mbao, au liko sentimita mbili tatu kutoka mkuku, kigingi hakifai. Ng'oa ubao. Ubao mpya uvuke mataruma matatu angalau, na kiungo chake kisikae juu ya kiungo cha ubao wa pili.

MatarumaNungwi

Limegusa ungo na mkuku.

FundiTezo

Inna lillahi.

MatarumaNungwi

Kwa hiyo pamba yote ya ule mstari itoke, ubao utoke, na misumari ikishang'olewa matundu yake hayarudii. Kwa sababu ya soda ya machungwa. Na alipiga makofi, nimeshasema?

Pangaboi40

Mara tatu.

Ngamani

Na wewe usitutie chumvi. Hapo juu umefanya kama barafu yenyewe imeua chombo. Maji baridi ya siku moja hayaozeshi mninga. Kinachoozesha ni mvua ya masika, chombo kimepandishwa, hakina turubai, nguruzi imeachwa ndani, maji yamekaa miezi kati ya mataruma. Maji ya chumvi huhifadhi mti, maji ya mvua huula. Cha kuogopa hapo ni jua. Siku nne juu ya mchanga bila makuti juu, ungo zinafunguka unaingiza kucha.

MatarumaNungwi

Siku sita. Na bado hujasikia lililobaki. Wamekipandisha kwa maji ya bamvua, mwezi mpevu, maji yalifika mpaka kwenye mikoko ya juu. Onesho linafungwa maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi. Maji mafu hayasogei hata karibu na lile zulia. Kwa hiyo chombo kinangoja bamvua la mwandamo, wiki nzima nyingine juani, na tundu lake.

Ngamani

Hapo nimekuunga mkono. Ratiba ya maonesho ya boti ufukweni mwetu inaanza na kalenda ya mwezi, haianzi na kalenda ya mgeni rasmi. Maji yetu ya bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4, ya mafu kama mita 1 tu. Fort Lauderdale, Marekani, wanafanya maonesho yao tangu 1959, boti zinaelea gatini. Düsseldorf, Ujerumani, wanafanya Januari, baridi kali, boti zinaingizwa kumbini. Kila mmoja kaangalia pahala pake. Sisi tumechukua zulia tu.

Pangaboi40

Mimi shida yangu na maonesho hayo ni banda la mashine. Kijana wa mauzo kaning'iniza mashine ya boti ya farasi 40 kwenye stendi, anaivuta kamba iungurume watu wakusanyike. KAVU. Hakuna pipa, hakuna mpira wa maji. Impela ya pampu ni ya mpira, inalainishwa na maji hayo hayo inayoyavuta, ikizunguka kavu mabawa yanaungua ndani ya sekunde chache. Kaivuta asubuhi, kaivuta mchana, kaivuta mgeni rasmi alipopita. Halafu ile mashine itauzwa "mpya". Mnunuzi atafika katikati ya mkondo, hakuna mkojo wa pembeni, yale maji ya kupozea yanayotoka, kichwa kimechemka, anaambiwa "umechanganya oili vibaya".

BiKaskazi

Na oili wanachanganya vibaya kweli.

Pangaboi40

Wanachanganya kwa macho! Hizi mashine za mipigo miwili ni 1 kwa 50. Dumu la lita 20 za petroli, oili mililita 400, haifiki nusu lita. Mashine mpya kabisa inafunguliwa na 1 kwa 25 kwa masaa ya mwanzo. Weka chache, pistoni inakamata. Weka nyingi, plagi inalowa, moshi unawafunika watalii kama mnafukiza popo. Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo jaza.

MatarumaNungwi

Sawa, lakini huu uzi ni wa tundu.

KusiKizimkazi

Moshi si kitu. Njooni huku Kizimkazi asubuhi. Pomboo sita, boti kumi na nne, kila nahodha anataka mtalii wake aruke kichwani mwa pomboo. Wanawakata mbele, wanatia gia ya nyuma kwa nguvu, wanazungusha duara. Pomboo hazingirwi! Unakaa ubavuni, mwendo wao ule ule, unaachia gia, akitaka kuja atakuja mwenyewe. Wakizamia wote kwa pamoja na kukaa chini muda mrefu, maana yake wamechoka na sura zenu, ondokeni. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, lakini ukifika pale utadhani ni stendi ya daladala. Na wageni ndio hao, 2024 walipita 700,000, kila mmoja anataka kupanda kitu kinachoelea.

MamaMwaniPaje

Na wanapotoka huko wanapita juu ya mashamba yetu ya mwani. Maji yakijaa shamba halionekani, boti inapita, pangaboi linanasa kamba, linazoa mstari mzima na vigingi. Kamba tumefunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, moja moja kwa mkono, mgongo umepinda. Nahodha anachukua kisu anakata, anatutazama kama sisi ndio tumemkosea. Mwani unalimwa hapa kibiashara tangu 1989, hiyo boti yake ya faiba ilikuwa bado iko kwenye dumu la resini. Wawekewe maboya mawili mawili, njia ijulikane, basi.

KusiKizimkazi

Shangazi maboya yakiwekwa yanaibiwa usiku yakafanywe dumu za madema, mitego ya samaki.

MamaMwaniPaje

Si na wavuvi wa kwenu.

KusiKizimkazi

Wa kwetu wana maboya yao!

MpembaWete

Yakhe nyinyi mwalalamika nini? Nyinyi mna hata wa kutoboa. Pemba tuna kisiwa cha Misali, tuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita mlangoni, papa na jodari wapita hapo, na hema jeupe hatulijui. Tuleteeni huyo wa miwani. Atoboe, lakini aje.

Ngamani

Yakhe mchukueni leo, na meli tutalipa.

MpembaWete

Na drili aiache huko.

MatarumaNungwi

NASEMA HIVI. Mashua imelala kichwa chini, ina tundu kando ya mkuku, inasubiri mwezi uandame. Nani anakwenda kuongea na yule mtu? Kesho asubuhi kuna hotuba yake "Urithi wa Majahazi", atasimama MBELE YA TUNDU.

MzeeWaResini

Mimi bado nasema silikoni.

FundiTezo

Wewe usisogee karibu na chombo cha mtu yeyote.

BiKaskazi

Hakuna aliyenijibu bei ya barafu.

Pangaboi40

Nina impela mbili za 40, hazijazungushwa kavu. Anayetaka aje forodhani. Na zile soda zilizobaki nani kachukua?