Picha ya stesheni (gumzo la kikundi cha ukoo, Moshi)

JUMAMOSI

Neema: Shikamooni wazee wangu, vijana mambo. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri nikashuka mjini kupiga picha kabla jua halijawa kali, mlima ulikuwa wazi kabisa aisee mpaka barafu inaonekana ina rangi kama ya machungwa, saa moja na nusu wingu likaja likafunika nikajua ndo basi

Neema: [picha]

Neema: [picha]

Neema: Hiyo ya pili ni stesheni ya reli. Nilimwomba mlinzi kwanza, akaniuliza za nini, nikamwambia za familia tu babu yangu alifanya kazi reli, akaniruhusu nipige upande wa nje na jukwaani

Mama Mdogo Happy: Waooo nzuri sana Neema 😍 hiyo ya mlima naiweka profaili

Baba Mdogo Deo: Marahaba. Hongera. Hiyo stesheni watoto waelezwe, reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911 enzi za Mjerumani, ikaja kupelekwa Arusha 1929 Mwingereza akiwa ndo anatawala. Sisi tumekua tunasikia honi yake. Halafu treni ya abiria ikakatika miaka mingi mpaka iliporudi Desemba 2019, na Arusha ikafika Oktoba 2020

Junior: Shikamoo mjomba. Mi niliipanda hiyo ya Arusha na mama, nilipiga picha zaidi ya mia mbili dirishani zote zina ukungu

Neema: Junior ulifuta lenzi? Simu inakaa mfukoni inashika jasho na mafuta ya vidole, picha zinatoka kama kuna moshi. Futa na kitambaa laini cha pamba kila unapotaka kupiga, mi natumia pindo la kanga. Na ukiwa ndani ya gari sogeza simu iguse kioo kabisa, ule mng'ao wa kioo unapungua

Junior: sikujua hilo, asante dada

Shangazi Rose: Marahaba wanangu. Neema hiyo picha ya stesheni imenigusa, kuna picha ya baba yetu akiwa hapohapo stesheni, ndogo ya mraba, nyeusi na nyeupe, ilikuwaga kwenye kopo la biskuti chumbani kwa mama. Ipo bado au ilitupwa wakati wa kubadilisha paa?

Baba Mkubwa: Ipo. Mimi nipo kwenye hiyo picha, nimebebwa mgongoni.

Neema: Napanda Uru kwa Bibi mchana huu baba mkubwa, nitalitafuta hilo kopo

(saa kumi jioni)

Neema: Nipo kwa Bibi, amewasalimia wote. Tumekula mtori sasa hivi

Neema: [picha]

Neema: [picha]

Neema: [picha]

Shangazi Rose: Jamani hiyo mikono 😭😭

Shangazi Rose: Hiyo ya mikono inayomenya ndizi ni mama mtupu, hata usiponionyesha uso najua ni yeye, angalia alivyoshika kisu, kidole gumba kimepanda juu ya ubapa, na utomvu mweusi kwenye kucha. Nimekua naiangalia mikono hiyo kila siku ya Mungu na sikuwahi kuwa na picha yake

Dada Glory: Neema imekuwaje jikoni pakawa hivyo, ule moshi umekaa kama mistari ya mwanga

Neema: Jiko la bibi lina kidirisha kimoja upande wa magharibi, jioni jua linaingilia pale, moshi ukipita unauona. Nilizima flashi, nikabonyeza kwenye mikono yake ili simu ijue ndo panapotakiwa mwanga, nikangoja. Nimepiga kama kumi na tano nikabakiza hizo tatu

Mama Mdogo Happy: Mwanangu nisamehe lakini mi hii ya tatu siipendi, mama yupo na kitenge kilichochanika na kichwa hakina kilemba, mtu wa miaka 84 anatakiwa apigwe akiwa amevaa vizuri amekaa kwenye kiti, siyo unamvizia jikoni. Zamani mtu alikuwa anaoga, anapaka mafuta, anavaa ya Jumapili ndo anakwenda studio

Junior: Mama mdogo zile za studio zote zinafanana, pazia lile lile na maua ya plastiki, hizi ndo zinaonyesha maisha

Mama Mdogo Happy: Zinafanana lakini zina heshima Junior. Yule mtu alichagua aonekane vipi

Baba Mdogo Deo: Happy ana hoja hapo.

Neema: Mama mdogo uko sahihi. Mikono nilimwomba, ila hiyo ya tatu nilipiga akiwa ameinama kupuliza moto hakujua. Ngoja nimwonyeshe achague mwenyewe

Neema: Nimemwonyesha. Hiyo ya kichwa wazi amesema toa, nimefuta kwangu na hapa nafuta kwa wote. Ya mikono amesema baki nayo. Na amekwenda kuvaa kilemba cha bluu ili nimpige nyingine barazani

Mama Mdogo Happy: Asante mwanangu. Aika sana

Neema: [picha]

Dada Glory: Malkia wetu ❤️❤️ hiyo nayo ni tamu, mbona uso hauna vivuli kama zile tunazopigaga sisi kanisani

Neema: Yupo barazani kivulini ila ameelekea uani kwenye mwanga. Zile za kanisani tunapiga saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi na kila mtu amekunja uso. Ingieni chini ya mti au barazani tu inatosha. Na msizumu, sogeeni kwa miguu, zumu ya simu inaharibu

(saa mbili usiku)

Neema: Kopo nimelipata jamani

Neema: [picha]

Neema: Ni kopo la biskuti limepata kutu kwenye kifuniko, ndani kuna picha kama arobaini, barua, kitambulisho cha babu cha kazi, risiti za kahawa za chama cha ushirika, na bahasha ya kaki. Picha kadhaa kona zimeliwa na mende. Nne zimegandana, sijazibandua, nimeziacha hivyohivyo

Baba Mdogo Deo: Usizivute kabisa. Mimi niliharibu picha ya kipaimara changu kwa kuivuta kwenye kioo cha fremu, uso wote ukabaki kwenye kioo. Zipige hivyo hivyo zilivyo.

Neema: [picha]

Neema: Ni hii shangazi?

Shangazi Rose: NDIYO HIYO

Shangazi Rose: Mungu wangu, baba kijana hivyo! Angalia suruali pana na kofia yake

Baba Mkubwa: Ni hiyo. 1964. Baba alikuwa anarudi Tanga kazini, sisi tumemsindikiza. Aliyebebwa na mama mgongoni ni mimi. Aliyesimama ameshika suruali ya baba nadhani ni mtoto wa jirani.

Dada Glory: Baba mkubwa si umezaliwa 1961? Huyo wa mgongoni ni mdogo sana, kiguu kilichotoka nje ya kanga ni cha mtoto wa mwaka mmoja hivi

Baba Mkubwa: Siku zote nimejua ni mimi.

Neema: Nyuma haina jina lolote, kuna "1964" tu kwa kalamu ya wino. Bibi ameshalala, kesho baada ya misa namuuliza

Shangazi Rose: Muulize na wengine wote waliopo kwenye hilo kopo, mmoja mmoja. Mi nina albamu hapa Arusha ina watu wa harusi yangu 1991 nusu siwajui tena, nani alikuwa shemeji wa nani, na walionijulisha wametangulia mbele za haki. Na negativu za harusi ile, ile mikanda ya kuchapishia picha, zilibaki kwa mpiga picha, tuliporudi kuzifuata studio imeshafungwa, hakuna aliyejua zilikopelekwa. Mpaka leo inaniuma

JUMAPILI

Neema: Mmeamkaje. Tumetoka misa, tumekaa barazani na kopo. Bibi ameongea naandika kama alivyosema maana sauti ina upepo

Neema: "Huyu ni baba yenu. Alikuwa anakwenda Tanga. Mwenye kamera alikuwa rafiki yake wa reli, alitupiga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mtoto alilala. Huyu aliyeshika suruali ni kaka yenu mkubwa, alikuwa analia hataki baba apande treni."

Neema: "Wa mgongoni ni Aurelia. Alimfuata kaka yenu. Mwaka uliofuata surua ikamchukua, yeye na watoto wengi hapa Uru mwaka ule. Baba yenu alikuta tumeshazika."

Neema: Amenyamaza hapo. Na mi nimenyamaza naye

Shangazi Rose: Aurelia?

Shangazi Rose: Nina miaka 58 sijawahi kusikia jina hilo nyumbani kwetu

Baba Mdogo Deo: Hata mimi. Kaka wewe ulijua?

Baba Mkubwa: Nilijua kulikuwa na mtoto aliyenifuata akafariki. Jina sikuwa nalijua. Na sikujua kuwa ana picha. Miaka yote nimeiangalia picha yake nikidhani najiangalia mimi.

Mama Mdogo Happy: Pole sana kaka. Pole mama yetu 🙏🏾

Dada Glory: Pole sana Bibi

Junior: Dada Neema, Bibi amesema walipigwa mara mbili. Ile bahasha ya kaki ina nini?

Neema: Ina vipande vya mkanda, negativu, vitatu. Ni vipana siyo vile vyembamba vya siku hizi. Nikiviinua juani naona watu weupe na mbingu nyeusi sielewi kitu

Junior: Vikiwa vipana ni vile vya kamera za mkanda wa picha 12 za mraba. Usishike katikati, shika kingo tu, mafuta ya vidole hayatoki. Una simu mbili hapo?

Neema: Yangu na ya jirani

Junior: Sawa. Moja fungua picha nyeupe tupu, mwangaza weka mwisho. Juu yake tandika karatasi nyeupe nyepesi ili zile nukta za skrini zisionekane, juu yake weka mkanda. Ingia chumba chenye giza, simu ya pili ishike juu imenyooka kabisa, flashi zima, weka simu kwenye rundo la vitabu isitetemeke. Halafu kwenye programu ya kuhariri picha tafuta sehemu ya kugeuza rangi, nyeusi inakuwa nyeupe nyeupe inakuwa nyeusi. Nitumie kama dokumenti siyo kama picha, hapa ukituma kama picha inabanwa inapoteza ubora

Neema: Ngoja nijaribu, Bibi naye ameingia chumbani ananishikia kitabu

(baada ya dakika arobaini)

Neema: [dokumenti]

Neema: Jamani

Junior: Naisafisha vumbi kidogo, sibadilishi kitu kingine, uso siugusi

Junior: [dokumenti]

Shangazi Rose: Ameamka. Ameangalia kamera

Dada Glory: Nalia hapa ofisini kwa watu

Baba Mdogo Deo: Macho ya Rose hayo. Mtu asiniambie kitu kingine. Rose ile picha yako ya darasa la kwanza ndo sura hii hii.

Shangazi Rose: Nimeona Deo. Nimeona

Mama Mdogo Happy: Na amekamata kidole cha mama, angalieni mkono umetokea begani kwenye kanga

Baba Mkubwa: Na mimi nalia pale chini.

Baba Mkubwa: Neema, mama amesemaje?

Neema: Nimemkuzia kwenye simu, ameiangalia muda mrefu sana baba mkubwa, ameisogeza karibu na macho akaiweka mbali akaisogeza tena. Akasema "alikuwa na meno mawili." Halafu akauliza tuliyo nayo ya karatasi iko wapi, akaomba penseli

Neema: Nimempa ile laini ya mtoto nikamwambia asikandamize isije ikatokea mbele. Ameandika mwenyewe

Neema: [picha]

Dada Glory: Naomba mtu anisomee simu yangu skrini imepasuka

Neema: Imeandikwa "Aurelia, mgongoni kwa mama yake. Moshi stesheni." Chini yake ameongeza majina ya babu na baba mkubwa

Shangazi Rose: Nakuja Jumamosi ijayo na albamu zangu zote. Junior atakuja na ile tripodi. Neema usiendelee kuuliza zilizobaki mpaka nifike, nataka niwepo akiwa anataja

Neema: Sawa shangazi. Zimebaki thelathini na kitu. Amechoka leo hata hivyo, ameenda kupumzika

Baba Mdogo Deo: Jumamosi nami nipo. Asubuhi yake ningependa niwapeleke watoto Old Moshi kwenye ule mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa pale, na wenzake 2 Machi 1900, wapige picha na waelezwe, kichwa chake mpaka leo ukoo wake unakitafuta Ujerumani. Ila tutapita kwa wazee wa pale kwanza tuombe.

Mama Mdogo Happy: Mi nitapika. Na mama nitamletea kitenge kipya cha kupigia picha

Neema: Baba mkubwa, kesho nashuka mjini naweza kuichapisha hiyo ya Aurelia. Saizi gani?

Baba Mkubwa: Kubwa. Ya ukutani.

Baba Mkubwa: Na ndogo moja ya kuweka kwenye pochi yangu.