Naomba ushauri: mashine ikimnyima mtu mkopo, nani awajibike?

Wakuu, habari zenu. Nipo idara ya vihatarishi kwenye kampuni ya fedha, nimepewa kazi ya kuandika sera ya akili mnemba. Mfumo wetu ndio unaopima nani akopeshwe. Hatuulizi kabila wala dini, lakini nashuku anwani ya mtu pekee inatosha kuwabagua watu wa kabila au dini fulani, maana mara nyingi wanaishi eneo moja. Mteja akiuliza kwa nini amekataliwa, anaambiwa "mfumo umekataa". Jibu gani hilo! Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imeweka mifumo ya aina hii kwenye kundi la hatari kubwa, na inataka isimamiwe na binadamu. Wakubwa wangu wanataka afisa mmoja wa kubonyeza "kubali" tu.

Mliopitia haya, mlimpa nani mamlaka ya kuuzima mfumo? Na ubaguzi mnaupimaje bila kukusanya taarifa nyeti?